Utani: ruhusa ya kuanza mazungumzo na usiyemjua

Ukisema "nilikuwa namtania tu", watu huelewa umemfanyia mtu mzaha. Lakini utani wenyewe, huu wa makabila na koo, ni undugu wa aina yake. Mtani ni mtu ambaye mila imekuruhusu kumsema, kumkejeli, hata kumchukulia kitu chake huku anakutazama, naye hanuni. Zamu yake ikifika atakulipa, na wewe hununi.

Watani hawachaguliwi, unazaliwa unawakuta. Mchaga na Mpare, Mngoni na Mhehe, Mnyamwezi na Mzaramo. Ndani ya ukoo upo pia: babu na mjukuu (ndiyo maana babu humwita mjukuu wa kike "mke wangu"), binamu kwa binamu, mtu na shemeji yake.

Asili yake si moja. Wangoni na Wahehe walipigana vikali katika karne ya 19 kabla ya kuishia kutaniana. Wanyamwezi walikutana na Wazaramo kwenye misafara ya kutoka Tabora kwenda Bagamoyo. Fikiria mpagazi amefia njiani, kwao ni mwendo wa wiki kadhaa. Nani atamzika? Mtani. Kwa hiyo mwenye ruhusa ya kukucheka ndiye pia mwenye wajibu wa kukusitiri, na hapo ndipo naona uzito wa jambo lenyewe ulipo.

Mimi ni Mpare. Nilihamia Dar es Salaam nikiwa na miaka 34, na miezi minne ya kwanza sikuwa na mtu wa kupiga naye soga. Utotoni mnakaa dawati moja, basi, mmeshakuwa marafiki. Ukubwani ni "habari za asubuhi", "nzuri", kila mtu anashika njia yake. Siku moja kwa mama lishe nilikuwa nahesabu chenji. Jamaa wa nyuma yangu akasema, "Wewe lazima utakuwa Mpare. Hiyo mia mbili ikipungua si utafungua kesi?" Nikageuka. "Na wewe Mchaga. Ingedondoka hapa ungeshaiokota." Kweli alikuwa wa Rombo. Tulikula meza moja siku ile, na kesho yake akanishikia nafasi.

Maneno yale yangetoka kwa mtu mwingine ningekasirika. Kwa mtani yalikuwa kama kubisha hodi. Kinachowashinda watu wazima, kwa nionavyo, ni kutojua waanzie wapi, na kuogopa kuonekana wana shida. Utani unakupa pa kuanzia, na unampa mwenzako jibu la kurudisha.

Mwaka wa tatu baba yangu akafariki, tukamzika Same. Jamaa yule alikuja. Kaburi lilipofika kiunoni akarukia ndani, akajilaza chali, akasema pana ubaridi mzuri na hatoki mpaka alipwe. Wazee wakabishana naye bei hadi elfu tano. Kisha akavaa kofia ya baba, akapita uani akiburuta mguu kama baba alivyokuwa akitembea, na mama, ambaye hakuwa amekula tangu juzi yake, akacheka mpaka akajishika ubavu, akaomba uji. Baadaye nilimkuta jamaa amevua shati, ameshika koleo, anamalizia kuchimba na vijana wa kwetu.

Mipaka ipo. Umaskini wa mtu, ugonjwa wake, kilema chake, mtoto aliyemkosa: hayo hayataniwi. Na usianze kumchokoza mtu kabla hujajua kwao ni wapi. Uliza kwanza, "Mwenzangu, kwenu wapi?" Akikutajia kabila la watani zako, mwambie, "Aa, kumbe mtani!", halafu mwache yeye arushe la kwanza. Asiporusha, yaishe hapo kwa heshima.

Watoto wengi waliokulia mjini hawajui watani zao ni kina nani. Wanalijua neno kwa sababu ya Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, watani wa jadi, na hata huo ni mlango: jezi ya jirani kwenye daladala inatosha kuanzisha maneno kutoka Mbagala hadi Kariakoo. Ule wa kabila na ukoo waulize wazee ungali nao. Shangazi zako ndio huwa wanajua mpaka majina ya koo.