Kompyuta Haishiki Ruta: Yanayoaminika na Yaliyo Kweli

Kompyuta ya nyumbani ikigoma kushika ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, mara nyingi kosa lenyewe ni dogo. Kinacholikuza hadi likadai fundi na nauli yake ni hatua tunazochukua kwa kuamini mambo yasiyo kweli. Nimeyakusanya hapa yale yanayosikika zaidi mitaani na majumbani.

“Wi-Fi imejaa, kwa hiyo intaneti ipo”

Vile vijiti vya Wi-Fi vinapima kitu kimoja tu: nguvu ya mawimbi kati ya kompyuta na ruta. Havijui lolote la nje ya kuta za nyumba yako. Data husafiri kwa vipande: kompyuta hadi ruta, ruta hadi kwa mtoa huduma, kisha mtoa huduma hadi ulimwengu wa nje. Kila kipande kinaweza kukatika peke yake, kama vile nyumba inavyoweza kuwa na mabomba mazima siku ambayo mtaa mzima hauna maji.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Kompyuta ziliendelea kushika ruta vizuri kabisa, na hakuna kitufe cha nyumbani ambacho kingerudisha huduma. Kifurushi kikiisha hali ni hiyo hiyo: ruta inaendelea kugawa Wi-Fi, taa zinawaka, ila hakuna kinachofunguka.

Kabla ya kugusa chochote, chukua simu iliyounganishwa na Wi-Fi hiyo hiyo uone kama inapata intaneti. Zima data ya laini kwanza. Simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti hurukia data ya laini kimyakimya, ukadhani ruta ni nzima kumbe sivyo. Simu ikipata intaneti kwa Wi-Fi peke yake, ruta na mtoa huduma hawana kosa. Hangaika na kompyuta. Simu nayo ikikosa, iache kompyuta ipumzike, utazame taa. Kwa wenye faiba, yaani intaneti inayokuja kwa mwanga ndani ya waya, taa ya LOS ikiwa nyekundu maana yake mwanga haufiki kwenye kifaa chako. Angalia kama ule waya mwembamba umekunjwa au umechomoka, na usipoona kasoro, piga simu kwa kampuni.

“Choma pini kwenye kile kitobo, itakaa sawa”

Hii ndiyo imani inayowagharimu watu kuliko zote. Kuzima na kuwasha ruta ni jambo moja. Kubonyeza kitobo cha Reset ni jingine kabisa. Ukizima na kuwasha, ruta inaanza upya ikiwa na mipangilio yake yote. Ukibonyeza kitobo kwa sekunde kama 10, inafuta kila kitu na kurudi ilivyotoka kiwandani. Linafutika jina la Wi-Fi, linafutika nenosiri, na yanafutika yale ambayo fundi wa kampuni aliyaingiza siku ya kufunga.

Hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Baadhi ya watoa huduma hutumia mfumo wa PPPoE, unaodai ruta ijitambulishe kwa jina la mtumiaji na nenosiri lake, ambalo si lile la Wi-Fi. Wengine huongeza namba ya VLAN, inayotenganisha njia za mtandao ndani ya waya mmoja. Vikifutika, ruta itawaka, itatoa Wi-Fi yenye jina lililoandikwa kwenye kibandiko cha chini, na nyumba nzima itakosa intaneti. Tatizo lililokuwa la kompyuta moja linakuwa la familia yote. Zipo ruta ambazo kampuni inaweza kuzirudishia mipangilio kutoka ofisini, lakini usibonyeze kwa kutumaini kwamba yako ni mojawapo.

Namna salama ni hii: chomoa waya wa umeme, subiri nusu dakika, chomeka, kisha ipe dakika tatu hivi kabla ya kuihukumu. Kama faiba inaingia kwanza kwenye kisanduku chake, washa hicho kisanduku, taa zake zitulie, ndipo uwashe ruta. Na ikibidi kweli kuriseti, mpigie kwanza mtoa huduma akupe taarifa za kuingia, ukaziandike mahali.

“Kompyuta nimeizima nikaiwasha, haikusaidia”

Huenda hukuizima. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zina mtindo wa kuwaka haraka: ukichagua Shut down, kiini cha mfumo na hali ya draiva (programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta) huhifadhiwa kwenye diski, na asubuhi vinarudishwa kama vilivyolala. Kadi ya mtandao iliyokwama usiku inaamka ikiwa imekwama vile vile. Chagua Restart. Hiyo ndiyo inayoanza upya kwa kweli, na peke yake huponya mengi.

“Piga Windows upya, yataisha”

Ushauri huu unatolewa kirahisi mno. Kupiga Windows upya kunaweza kuongeza tatizo, kwa sababu mfumo mpya huenda usiwe na draiva ya kadi yako ya Wi-Fi. Hapo hata alama ya Wi-Fi haionekani, na draiva yenyewe inapatikana kwenye intaneti ambayo huna. Kama yameshakukuta, chomeka simu ya Android kwenye kompyuta kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB kwenye simu. Kwa kawaida Windows 10 na 11 huitambua bila kuongezewa kitu, nawe ukapakua draiva.

Kabla ya kufika huko, ziko hatua nyepesi zaidi. Ondoa jina la Wi-Fi kwenye kumbukumbu ya kompyuta na uingize nenosiri upya; aliyelibadilisha nenosiri wiki iliyopita huenda aliziambia simu tu. Hakikisha hali ya ndege haijawashwa kwa bahati mbaya kwenye kibodi. Zima VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwa njia ya siri. Tazama kama mipangilio ya proksi ya ofisini (kompyuta ya kati inayopitisha intaneti) imebaki kwenye laptopu ya kazini, maana hiyo itaiacha ishike ruta huku kivinjari kikigoma kufungua chochote.

“Zile namba ni za mafundi”

Nasikitika watu wakiziogopa namba za anwani za mtandao, kwa sababu zinasema ukweli kuliko alama yoyote kwenye kioo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, na kwenye dirisha jeusi litakalofunguka andika ipconfig. Tafuta mstari wa IPv4. Namba inayoanza na 192.168, au 10, kwa kawaida inaonyesha kwamba ruta imeipa kompyuta anwani, wanaongea. Namba inayoanza na 169.254 maana yake kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipangia yenyewe. Hapo usimlaumu mtoa huduma, kwani maombi yako hayajavuka hata sebule. Sababu inaweza kuwa waya mbovu, ruta iliyokwama, au ruta iliyofikisha kikomo cha vifaa inavyoweza kuhudumia. Andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew, uone kama anwani itabadilika.

Kuna kosa jingine la aina hiyo lenye dalili tofauti: anwani iliyoandikwa kwa mkono. Laptopu iliyopangiwa namba ya kudumu kazini inakuja nayo nyumbani, na ruta ya nyumbani haielewani nayo. Rudisha mpangilio wa kupokea anwani yenyewe.

Anwani ikiwa nzuri, ipime safari kipande kwa kipande. Andika ping, amri inayouliza kama kifaa kinajibu, ikifuatiwa na namba iliyo kwenye mstari wa Default Gateway, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Huyo ndiye ruta. Akijibu, andika ping 8.8.8.8, namba ya Google. Ikijibu nayo, umefika nje ya nyumba na nje ya kampuni. Kama bado tovuti hazifunguki, ishuku DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba; weka 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare kwenye mipangilio ya mtandao. Na unapompigia mtoa huduma, msomee matokeo haya. Mazungumzo yatakuwa mafupi.

“Saa ya kompyuta haihusiani na intaneti”

Inahusiana sana, hasa kwa kompyuta za mezani zilizozeeka. Ndani yake kuna betri ya duara, mara nyingi CR2032, inayotunza saa umeme ukikatika. Ikifa, kila umeme unapokatika kompyuta inarudi miaka mingi nyuma. Tovuti zina vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini kwamba tuko mwaka mwingine inavikataa vyote. Kivinjari kitadai tovuti si salama, wakati ping inajibu vizuri. Rekebisha tarehe, kisha nunua betri mpya. Ni ya bei ndogo.

“Simu zinaiona Wi-Fi, kompyuta haiioni, basi kadi imekufa”

Pengine ni nzima. Jina la Wi-Fi linaloishia na 5G halina uhusiano na 5G ya simu. Ni mawimbi ya gigahezi 5. Laptopu nyingi za zamani zinajua gigahezi 2.4 peke yake, na jina hilo hazitaliona hata ukiziweka juu ya ruta. Unganisha kwa lile jina jingine.

Wanaonunua laptopu za mtumba wajue na hili: Marekani, mawimbi ya gigahezi 2.4 hutumika kwa chaneli ya 1 hadi 11, ilhali nchi nyingi hufika 13. Kompyuta iliyotengenezewa soko la Marekani inaweza isiione ruta iliyojichagulia chaneli ya 12 au 13. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, uifunge kwenye 1, 6 au 11. Ikiwa kompyuta inaliona jina ila inakataliwa kuingia licha ya nenosiri kuwa sahihi, tazama kama ruta imewekwa ulinzi wa WPA3, uliotoka 2018. Mashine za kabla yake mara nyingi zinahitaji WPA2.

Kuta nazo zihesabiwe. Nyumba za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe na Lamu zina kuta nene zinazomeza mawimbi, na gigahezi 5 ndiyo inayoumia zaidi. Tangi la maji na mabati nayo yanazuia.

“Waya ukishaingia, umeingia”

Inategemea waya wa mtandao umeingia tundu lipi la ruta. Tundu la WAN, ambalo mara nyingi lina rangi yake, ni la kupokea intaneti kutoka nje; kompyuta inachomekwa kwenye LAN. Waya unaweza pia kuwa nusu mzima: kasi ya gigabiti 1 inahitaji jozi zote nne za nyuzi zilizo ndani, lakini megabiti 100 zinatosheka na jozi mbili, kwa hiyo uzi mmoja ukikatika huenda usikose mtandao, ukapata wa polepole tu. Hata hivyo, kuwa na waya mzima nyumbani ni jambo la busara. Ukiuchomeka na intaneti ikaja, umeshajua kwamba kosa liko kwenye Wi-Fi.

“Ruta imechoka, nunua nyingine”

Angalia kwanza adapta yake ya umeme. Ruta inayojizima na kujiwasha, au inayowatupa watu nje kila baada ya muda, mara nyingi inapata umeme hafifu kutoka kwa adapta iliyochoka au iliyobadilishana na ya king'amuzi. Soma maandishi ya chini ya ruta na yale ya adapta: volti lazima zilingane, ampea za adapta ziwe sawa au zaidi, na mchoro wa chanya na hasi uwe ule ule. Adapta yenye volti 12 kwenye ruta ya volti 9 inaweza kuiunguza, na hapo utalazimika kununua nyingine kweli.