Ranki ya chuo siyo ranki ya kozi

Matokeo ya form six yakishatoka simu yangu haipoi. Juzi kapiga mama mmoja, nikamwamkia, akaitikia marahaba halafu moja kwa moja, "mwanangu, chuo namba moja Tanzania ni kipi, nimpeleke kijana huko?" Nikamuuliza anataka kusoma nini, akasema hilo tutaliangalia baadaye. Jamani hapo ndipo tunapokosea.

Mimi nipo udhibiti ubora kwenye chuo kikuu cha umma, kila mwaka najaza zile fomu za data wanazotuma watu wa ranki, wale wanaovipanga vyuo kwa namba, kwa hiyo naongelea kitu ninachokishika.

Chukua Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDSM. Ilianza 1961 na kitivo kimoja tu, cha sheria, ikakua ikawa na udaktari, kilimo, mambo ya ardhi na majengo, kila kitu. Halafu watoto wakahama nyumbani: kilimo cha Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, 1984, na 2007 Muhimbili ikawa chuo kikuu cha afya, MUHAS, Ardhi nayo ikasimama yenyewe. Sasa ranki nyingi zinahesabu makala za utafiti na zimenukuliwa mara ngapi, na fani za afya zinanukuliwa sana kuliko kwa mfano historia au sheria, kwa hiyo Muhimbili ilivyoondoka iliondoka na makala zake. Makerere ya Uganda wao udaktari na kilimo vimebaki ndani. Ukiwaweka Dar na Makerere kwenye mstari mmoja hapo umelinganisha nyumba iliyogawana na nyumba ambayo haijagawana, halafu mtu anasema eti uhandisi wa Dar umeshuka. Uhandisi umeingiaje hapo?

Sifa nayo ina mambo yake. Kwenye ranki ya QS ya Uingereza, kwa miaka mingi asilimia 40 ya alama ilikuwa maoni ya wanataaluma, siku hizi ni 30, na waajiri 15. Yaani profesa anaulizwa ataje vyuo anavyoona bora kwenye fani yake, chuo chake mwenyewe haruhusiwi. Profesa wa Brazil atataja alichowahi kukisikia, na jina likishakaa kichwani halitoki haraka, historia ya Dar mpaka leo inabebwa na enzi za kina Walter Rodney, yule mwanahistoria aliyefundisha pale. Ranki ya Shanghai ya China ndio usiseme, wao wanahesabu hadi washindi wa Nobel.

Kinachoniuma mimi ni Kiswahili. TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya UDSM, ndio warithi wa TUKI, taasisi ya zamani ya uchunguzi wa Kiswahili, waliotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu 1981, na mizizi yao inafika kwenye Kamati ya Lugha ya 1930, watu wanatoka nje kuja kusoma pale. Lakini makala nyingi zilizoandikwa kwa Kiswahili hazimo kwenye kanzidata kubwa zinazotumika kuhesabu, kwa hiyo mwalimu anaandika miaka 20 kwa lugha anayoifundisha na kwenye hesabu anaonekana kama hajaandika. Hili siyo sawa hata kidogo.

Na kuna vitu vidogo vidogo. Kwetu nilikuta mhadhiri mmoja jina la chuo kaliandika namna tatu kwenye makala zake, kirefu, kifupi, na jingine la idara peke yake, nusu ya kazi zake hazikuwa zinahesabiwa kwetu. Kuzirudisha ilituchukua miezi.

Basi mama yule tukaongea vizuri, kumbe kijana anataka uhandisi wa umeme. Nikamwambia aangalie kozi yenyewe kama ina ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, Bodi ya Usajili wa Wahandisi wanaitambua, walimu wa kudumu wapo wangapi, maabara ina vifaa vinavyofanya kazi au vimefunikwa na vitambaa, na mafunzo kwa vitendo wanapelekwa wapi. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama wageni wanaruhusiwa kuingia karakana. Wanaruhusiwa mama, omba tu kwa mkuu wa idara. Wiki ijayo wanaenda, yeye na kijana.