Je, wajua shati na sketi ni neno moja?

Cheki kabati lako, shati limetundikwa huku, sketi imekunjwa kule, na hakuna anayewaza kwamba majina yake ni ndugu wa tumbo moja. Sisi tumeyapata kwa Waingereza, sawa, ila wao waliyatoa wapi?

Iko hivi. Waingereza wa kale walikuwa na vazi wanaliita scyrte, maana yake nguo fupi tu, basi. Sasa mwaka 865 Wavikingi, wale mabaharia wapiganaji wa Skandinavia (Denmark, Norwei na Uswidi ya leo), wakatua na jeshi kubwa, wakapigana weee, mwishowe wengi wao wakalowea huko kaskazini na mashariki mwa Uingereza, na hao nao walikuwa na neno lao skyrta, asili ileile. Tofauti ni ulimi: Mwingereza alishageuza "sk" kuwa "sh", Mvikingi akabaki na "sk" yake. Ndo maana shati lina sh na sketi ina sk! Maneno mawili, maana moja, kijiji kimoja, ikabidi yagawane kazi, moja likabaki juu, jingine likashuka kiunoni. Waswidi mpaka leo shati wanaita skjorta.

Halafu usifikirie shati la enzi hizo ni la kuchomekea uende ofisini. Ilikuwa nguo ya ndani, ya kitani, ndefu, na juu yake ndo unavaa kirtle, kitu kama kanzu hivi. Na hiyo kirtle nayo jina lake linaaminika limetoka neno la Kilatini la "fupi", wakati ya wanawake ilikuwa inafika mpaka miguuni, sijui nani alikuwa anapima.

Gauni je? Lilianza na gunna ya Kilatini, vazi la manyoya la kuzuia baridi, na wanaume walikuwa wanalivaa bila shida yoyote. Joho lao, cloak, limeitwa kwa neno la Kifaransa cha kale la kengele, maana ukilivaa linapanuka chini kama kengele kweli.

Ila mimi yangu ni aproni. Zamani ilikuwa napron, toka Kifaransa, kitambaa kidogo cha meza. Mtu akisema "a napron" mwenzake anasikia "an apron", ikaendelea hivyohivyo mpaka n ikahamia neno la jirani, na sisi tumekuja kulichukua n ishaondoka zamani.