Chuo cha Wajesuiti Bado ni cha Kikatoliki? Tunayoambiana Mombasa na Ukweli Wake

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakishatoka, wazazi Wakatoliki hapa Mombasa huzungumza yale yale: karo, kozi, na chuo gani. Siku hizi limezidi jambo moja. Kijana akitaja chuo kikuu cha Wajesuiti, yaani watawa wa Shirika la Yesu, kiwe cha Marekani anakotafuta ufadhili au cha hapa Afrika, hakosi mtu wa kumwambia kwamba hao si Wakatoliki tena. Nafundisha somo la dini ya Kikristo, na maneno hayo huletwa kwangu niyaamue. Ubishi wenyewe upo, ni wa kweli, na una watu makini pande zote. Linaloniuma ni kwamba wengi wetu tunabishana kwa habari za nusunusu, za kupokezana kwenye simu baada ya misa, na kwa habari hizo mtoto wa watu anakatazwa njia au anasukumwa njiani bila kujua aendako.

"Vyuo vya Kikatoliki vyote ni vya Wajesuiti"

Hili ni jepesi, tulimalize. Shirika la Yesu, lililoanzishwa na Ignasi wa Loyola na kuidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1540, ni shirika moja kati ya mengi. Notre Dame ya Marekani, iliyozusha kelele mwaka 2009 ilipomwalika Rais Obama, aliyetetea haki ya kutoa mimba, na kumtunuku shahada ya heshima, ni ya Shirika la Msalaba Mtakatifu. Strathmore ya Nairobi ina malezi ya Opus Dei, jumuiya nyingine ya Kikatoliki. CUEA, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, ni ya AMECEA, umoja wa maaskofu wa ukanda huu, na Tangaza ni ya mashirika mbalimbali ya watawa. Cha Wajesuiti pale Nairobi ni Hekima, kilichofunguliwa mwaka 1984.

Hata ngome yetu ya Fort Jesus, ambayo wanafunzi wangu huwahesabia Wajesuiti kwa sababu ya jina, ilijengwa na utawala wa Wareno kati ya 1593 na 1596, na watawa waliojenga makao Mombasa zama hizo ni Waaugustino. Mjesuiti maarufu aliyepita pwani hii ni Fransisko Ksaveri. Alitia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, kisha akaendelea na safari.

"Chuo chenye msikiti ndani hakiwezi kuwa cha Kikatoliki"

Mama mmoja wa jumuiya yetu kule Mikindani alinipa simu yake niangalie picha: ukumbi wenye zulia la kuswalia na mabomba ya kutawadhia, na chini yake jina la Georgetown. "Mwalimu, hapa ndipo mwanangu anapotaka kwenda. Mbona kuna msikiti?"

Picha ilikuwa ya kweli. Georgetown, kilichoanzishwa mwaka 1789, ndicho chuo kikuu cha Kikatoliki kikongwe kuliko vyote Marekani. Mwaka 1999 kiliajiri imamu wa kudumu wa kuwahudumia wanafunzi Waislamu, na mwaka 2023 kikauzindua rasmi msikiti wake, ukapewa jina la Yarrow Mamout, Mwislamu kutoka Afrika Magharibi aliyefanywa mtumwa, akapata uhuru wake, akaishi mtaa huo huo wa Georgetown. Nayo misa inaendelea kuadhimishwa katika kanisa la Dahlgren, ndani ya chuo.

Wajesuiti hawakuanza jambo hili jana. Chuo chao cha Mtakatifu Yosefu kule Beirut, cha tangu 1875, kina wanafunzi Wakristo na Waislamu darasa moja. Sophia ya Tokyo, ya tangu 1913, iko katika nchi ambayo Wakatoliki hawafiki hata mmoja katika kila watu mia. Tungesema chuo ni cha Kikatoliki pale tu wanafunzi wake wote ni Wakatoliki, Sophia isingefungua mlango hata siku moja. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 kuhusu dini nyingine, ulisema wazi kwamba Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima.

Nilimwambia yule mama kwamba Mkatoliki wa Mombasa ndiye wa mwisho kuogopa jambo hili. Shule zilizoanzishwa na masista mjini humu zimewasomesha mabinti wa Kiislamu vizazi na vizazi, na hakuna aliyesema zimeacha kuwa za masista. Lakini sikumdanganya kwamba mambo ni shwari. Kumkaribisha mgeni ni jambo moja, kuamua kanuni za nyumba ni lingine, na hilo la pili lina ugumu wake hata hapa kwetu. Kesi ya hijabu katika shule ya Kanisa la Methodisti kule Isiolo ilipanda hadi Mahakama ya Upeo, na Januari 2019 mahakama hiyo ikaubatilisha uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa 2016 uliokuwa umeruhusu vazi hilo. Swali la shule ya dini ni ya nani, basi, tunalo wenyewe. Msikiti ndani ya chuo hauondoi Ukatoliki, na wala peke yake hauuthibitishi.

"Askofu hana neno pale" na "Askofu akitaka, kesho anakifunga"

Nimezisikia zote mbili siku moja, kwenye benchi moja. Hakuna iliyo kweli.

Vyuo vingi vya Wajesuiti Marekani ni mali ya bodi zao za wadhamini, ambazo leo zimejaa walei, yaani waamini wasio mapadri wala watawa. Chuo kikuu cha Saint Louis kilifungua njia mwaka 1967 kilipoikabidhi bodi ya walei wengi mamlaka yake. Mwaka huo huo, mwezi Julai, wakuu wa vyuo vya Kikatoliki, wakiwemo Wajesuiti, walikutana Land O'Lakes katika jimbo la Wisconsin na kutoa tamko kwamba chuo kikuu cha Kikatoliki lazima kiwe na uhuru wa kweli wa kujiendesha na uhuru wa kitaaluma. Kwa wanaolalamika, hapo ndipo kamba ilipokatika. Kwa watetezi, hapo ndipo vyuo hivyo vilipoanza kuheshimika kama vyuo vikuu. Mimi naona walikuwa na haki ya kuudai uhuru huo, ila waliacha bila jibu swali la nani atailinda imani pale wadhamini watakapoisahau.

Papa Yohane Paulo II alijaribu kulijibu tarehe 15 Agosti 1990 kwa waraka wa Ex Corde Ecclesiae. Uhuru wa utafiti aliukubali, ila akataka uhusiano wa chuo na Kanisa uwe wazi. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 808, inasema hakuna chuo kikuu kinachoweza kujiita cha Kikatoliki bila ridhaa ya mamlaka ya Kanisa, na kanuni ya 812 inamtaka mwalimu wa teolojia awe na idhini. Maaskofu wa Marekani walijadili kwa miaka utekelezaji wa waraka huo, wakaupitisha Novemba 1999.

Kwa hiyo askofu hashiki funguo za majengo, lakini jina "Katoliki" liko chini ya uangalizi wake. Wengi hawajui pia kwamba jina hilo na jina "Jesuiti" yanaweza kuachana. Mwaka 2019 chuo cha Wheeling, West Virginia, kilipunguza mno masomo yake kwa shida za fedha, Wajesuiti wakaondoa jina lao, na chuo kikabaki cha Kikatoliki chini ya jimbo la askofu wa huko. Mwaka huo huo mambo yalikwenda kinyume katika shule ya sekondari ya Brebeuf, Indianapolis: askofu mkuu alisema si ya Kikatoliki tena kwa kuwa ilikataa kumwachisha kazi mwalimu aliyefunga ndoa ya jinsia moja. Wajesuiti waliendelea kuiita yao, wakakata rufaa Roma, na Roma ikasimamisha agizo lile kwa muda.

"Bila padri ofisini, Ujesuiti umekwisha"

Mwaka 2001 Georgetown ilimpata rais wake wa kwanza asiye padri, John DeGioia, na leo vingi kati ya vyuo 27 vya Wajesuiti Marekani vinaongozwa na walei. Idadi ya mapadri imeshuka na hakuna wa kuificha. Lakini mlei aliyebatizwa na kulelewa vizuri katika roho ya Ignasi haongozi kwa kuazimwa, anaongoza kwa ubatizo wake.

Hoja nzito zaidi ya wakosoaji iko mahali pengine, nayo ni darasani. Ex Corde inaagiza walimu wasio Wakatoliki wasiwe wengi kuliko Wakatoliki. Chuo kinachoajiri kwa kuangalia vyeti peke yake, mwaka baada ya mwaka, kitaamka siku moja hakina wa kufundisha kile kilichokianzisha. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Zipo dalili za kutazama: Boston College, kwa mfano, kinamtaka kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza, hata wa uhasibu, asome kozi mbili za teolojia na mbili za falsafa. Hilo linamgusa kijana kuliko rangi ya kola ya rais wa chuo.

"Zamani ndipo Ukatoliki ulipokuwa safi"

Wanaosema hivi huitaja zamani kana kwamba waliishi humo. Tuitazame basi. Mwaka 1838 Georgetown ilikuwa na padri juu, mapadri darasani, misa kila asubuhi na misalaba ukutani. Hakuna mkosoaji wa leo ambaye angeona dosari katika Ukatoliki wake wa nje. Mwaka huo huo Wajesuiti wa Maryland, wakiongozwa na padri Thomas Mulledy aliyewahi kuwa rais wa chuo hicho, waliuza watu 272 waliokuwa watumwa kwenye mashamba yao. Waliwauza kwa wenye mashamba wa Louisiana kwa dola 115,000, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo. Mkuu wa Shirika kule Roma, Jan Roothaan, alikuwa ameweka masharti: familia zisitenganishwe, watu waweze kuendelea na dini yao, fedha zisiende kwenye madeni. Masharti hayo yalivunjwa. Mwaka uliofuata, Desemba 1839, Papa Gregori XVI alitoa barua ya kulaani biashara ya watumwa.

Sisi tunaopita Kengeleni, chini ya kengele ya Frere Town, mtaa wa hapa Mombasa ulioanzishwa kwa ajili ya watumwa walioachiliwa, hatuwezi kuisoma habari hii kama ya mbali. Watu waliouzwa walikuwa wamebatizwa na wauzaji wao wenyewe. Wengine walipofika Louisiana waliendelea kuwa Wakatoliki, na wajukuu wao ni Wakatoliki hadi leo. Waliolazimisha jambo hili lisemwe wazi ni pamoja na wanafunzi walioandamana mwaka 2015 kudai jina la Mulledy litolewe kwenye jengo. Aprili 2017 Wajesuiti na chuo waliomba radhi mbele ya uzao wa watu hao, na jengo likapewa jina la Isaac Hawkins, wa kwanza kuandikwa katika hati ya mauzo. Mimi naamini siku hiyo Georgetown ilikuwa ya Kikatoliki kuliko ilivyokuwa 1838, pamoja na mapadri wake wote wa wakati ule.

"Habari za haki na maskini ni siasa, si imani"

Lawama hii huwaelekea Wajesuiti tangu mkutano wao mkuu wa 1974 na 1975, wakati Pedro Arrupe alipokuwa mkuu wao, ulipotangaza kwamba kuitumikia imani kunadai kutetea haki. Anayeona ni maneno ya kisiasa asome habari za UCA, chuo chao cha El Salvador. Rekta wake, Ignacio Ellacuría, alitaka chuo kitumie utafiti wake kusema ukweli kuhusu vita na umaskini wa nchi ile, na alisukuma serikali na waasi wazungumze. Usiku wa tarehe 16 Novemba 1989 wanajeshi waliingia chuoni wakamuua pamoja na mapadri wenzake watano, mpishi wao Elba Ramos, na binti yake Celina. Miaka 31 baadaye, mwaka 2020, mahakama ya Uhispania ilimhukumu kanali wa zamani Inocente Montano kwa mauaji ya watano kati ya mapadri hao.

Kuna chuo kinachotumia neno "haki" kama pambo la tovuti na kulinyamazia jina la Kristo. Hicho kikikosolewa, sawa. UCA haikuwa hivyo.

"Anayehoji ni mchochezi, anyamaze"

Upande wa pili nao una dhana yake. Kanuni ya 212 inawapa waamini haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao maoni yao kwa heshima. Mwaka 2013 wahitimu na waamini walipeleka Vatikani ombi lenye saini zaidi ya 2,000 wakilalamika kuhusu Georgetown. Jibu la mwaka 2014 halikuwafukuza: rufaa yao haikukidhi masharti ya sheria, lakini malalamiko yalitambuliwa kuwa na msingi. Mama yule wa Mikindani, basi, hakumkosea mtu kuuliza.

Tuliandika naye barua pepe kwa ofisi ya udahili. Ile habari ya msikiti aliiondoa mwenyewe. Alibakisha kozi ngapi za teolojia ni za lazima na waalimu wake ni akina nani, misa za siku za kazi ni saa ngapi, wanafunzi hutumwa kuwahudumia maskini gani na kwa muda gani, na kijana akiugua au akipoteza imani katikati ya muhula, mbali na kwao, ni nani anayekwenda kumgongea mlango.