Rada, ghorofa za Posta na ndege inayofutika

Ukikaa Kipawa au Kiwalani, karibu na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, ndege zinakupita juu ya paa mchana kutwa, na kila kijiwe kina maelezo yake kuhusu rada, mtambo unaotuma mawimbi ya redio na kusikiliza mwangwi wake, yaani yale yanayogonga kitu na kurudi. Dhana ya kwanza hapa inaniuma zaidi, maana hata wanafunzi wangu wa fizikia wanaiamini.

“Rada huona vya angani tu, majengo ya chini hayaingii.”

Yanaingia, tena kwa kishindo. Ghorofa za Posta, vilima vya Pugu, meli zinazosubiri zamu ya bandari: vyote vinarudisha mwangwi, na wa ghorofa unaweza kuushinda wa ndege mara nyingi. Kwa hiyo nguvu ya mwangwi haitoshi kumtambua nani ni nani. Kinachotambulisha ni mwendo.

Chukua rada yenye wimbi lenye urefu wa sentimita 10, inayotuma mipigo, yaani vipande vifupi vya wimbi, 1,000 kwa sekunde. Mpigo unagonga ghorofa na kurudi. Wa pili unagonga palepale, nao unarudi wimbi likiwa kwenye hatua ileile ya kupanda na kushuka. Mtambo unafanya hesabu ya kutoa, mwangwi mmoja kwenye mwingine, inabaki sifuri. Ghorofa limefutika. Sasa ije ndege kwa mita 70 kwa sekunde. Kati ya mpigo na mpigo imesogea sentimita 7, hata upana wa kiganja haufiki, lakini safari ya wimbi kwenda na kurudi imepungua sentimita 14. Hatua ya wimbi imebadilika. Ukitoa, kinabaki kitu. Ni kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842, ileile inayofanya king'ora cha ambulansi pale Tazara kilie kwa sauti nyembamba kikija na nene kikishakupita.

“Basi chochote kinachoruka kitaonekana.”

Hapana. Kinachohesabiwa ni kuikaribia rada au kuiacha. Ndege inayoizunguka kwa umbali uleule inafanana na ghorofa. Na kuna mtego mwingine: kwa rada hiyohiyo, ndege inayokuja kwa kilomita 180 kwa saa inasogea sentimita 5 kamili kati ya mipigo. Wimbi linamaliza mzunguko mzima, linarudi kwenye hatua ileile, na ndege inafutwa pamoja na majengo! Ndege ndogo ya kutoka Unguja ikishuka kutua inaweza kuwa karibu na kasi hiyo. Dawa yake ni kubadilisha muda kati ya mpigo na mpigo, ili kasi iliyofichika kwenye mpangilio mmoja ijitokeze kwenye mwingine.

“Namba ya ndege kwenye skrini inatokana na mwangwi.”

Inatokana na jibu. Rada ya aina ya pili, isiyotegemea mwangwi, inauliza kwa masafa ya megahezi 1030, kifaa kilichomo ndani ya ndege kinajibu kwa 1090.

“Mvua ni maji tu, haiisumbui rada.”

Wakati wa masika inasumbua kuliko ghorofa. Matone yanapeperushwa na upepo, yana mwendo wake, hivyo kutoa tu hakuyaondoi. Rada za kisasa huugawa mwangwi katika makundi ya kasi na kulipima kila kundi peke yake, ndipo ndege inayokatiza wingu inapojitenga na mvua inayoizunguka.