Programu ya simu na mshauri nasaha
Wapo wengi, Kampala hadi Gulu, wanaoamini kwamba ukiwa na programu ya afya ya akili kwenye simu huhitaji tena mshauri nasaha. Inaeleweka: nauli ni ghali na wataalamu ni wachache, hasa vijijini. Ila tafiti kwa jumla zinaonyesha programu hizi husaidia zaidi mtu akiongozwa na mtu mwingine, kama mshauri. Akiachwa peke yake, mara nyingi huishia njiani. Nguvu ya programu iko kati ya kikao na kikao cha ushauri: kuandika kila jioni ulivyojisikia, kisha kumwonyesha mshauri.

Kabla ya kupakua, soma nani ameitengeneza na taarifa zako zinakwenda wapi. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Na mawazo ya kujiua yakikujia, tafadhali, nenda kituo cha afya leo hii.