Anajua kazi, ila hajiamini: msimamizi afanye nini?

Chukua kituo cha kununulia asali wilayani Sikonge, Tabora. Ndoo ya lita 20 imefika, uzito wake kama kilo 28. Mpokeaji mpya anadondosha matone mawili kwenye kioo cha kipima unyevu, anafunika, anakielekeza kwenye mwanga, anasoma 18. Kiwango cha kimataifa cha Codex hakiruhusu unyevu uzidi asilimia 20, kwa hiyo asali hii inapokelewa. Lakini haandiki. "Bosi, hebu njoo uangalie na hii." Ndoo ya tano vilevile, ya kumi vilevile, na foleni ya wafugaji nyuki inarefuka.

Kusoma anajua. Anachokosa ni kuamini kwamba amesoma sawasawa. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba imani ya namna hii hufungamana na kazi mahususi. Mtu anaweza kuwa msemaji hodari kikaoni na bado akaogopa kipima. Ndiyo sababu semina ya kuhamasishana, peke yake, haimsaidii sana akirudi kituoni.

Asiyejiamini hukwepa. Hubadilishana zamu, humwomba mwenzake amjazie majukumu kwenye PEPMIS (mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma), husingizia mtandao. Wasimamizi wengi huuita huo uvivu na kumwandikia barua ya onyo, na hofu inazidi.

Bandura alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo: kufaulu kwa mkono wako mwenyewe, kumwona mtu wa kiwango chako akiweza, kutiwa moyo, na hali ya mwili, kwani anayetetemeka huona hawezi. Cha kwanza ndicho chenye nguvu zaidi, na ndicho msimamizi hukiua bila kukusudia. Anaona mambo yanachelewa, anachukua kipima, anasoma mwenyewe. Foleni inasogea, lakini mpokeaji ameshapewa jibu kwamba yeye hawezi.

Afanye hivi. Ndoo 10 za kwanza, mpokeaji asome na kuandika namba kabla msimamizi hajagusa kipima, kisha walinganishe. Katika 10 zinazofuata, msimamizi arudie mbili tu, bila kusema zipi. Baada ya hapo aitwe kwa zile zinazosoma kati ya 19 na 21. Namba zikitofautiana, sababu itafutwe kwenye hatua: kioo kilibaki na maji baada ya kuoshwa, viputo vya hewa viliingia, au asali ilitoka juani na haikusubiriwa ipoe. Mtu akijua ni maji kwenye kioo, kesho atakausha. Akiambiwa "huna umakini", atakausha nini? Na sifa nazo ziwe na namba: "Tisa kati ya kumi zimelingana na zangu."

Imani haizibi pengo la mafunzo wala vifaa. Alexander Stajkovic na Fred Luthans walipojumlisha tafiti 114 mwaka 1998, walikuta kwa wastani uhusiano wa 0.38 (1 ukiwa uhusiano kamili, 0 hakuna uhusiano) kati ya imani hii na utendaji kazini, nao ulikuwa dhaifu zaidi kwenye kazi tata.

Upande wa pili, mkongwe anayejiamini kupita kiasi huacha kukirekebisha kipima asubuhi, kwa kuwa jana kilikuwa sawa. Huyo naye arudiwe ndoo mbili kila siku ya ununuzi, namba zake ziandikwe kwenye daftari lilelile la mpokeaji mpya.